Mwanasesere mkuukuu ni darasa la ushonaji mtaani Huruma

MAROBOTA ya mitumba yanapofunguliwa mjini Eldoret, hayatoi nguo na viatu pekee. Hutokea pia wanasesere wa plastiki waliokwisha kuchezewa na watoto wa Ulaya na Amerika, wengi wao wakiwa uchi, nywele zimesokotana na viatu vimepotea.

Kwa mpita njia, hao ni takataka. Kwa mtu anayejua kushika sindano, ni darasa la ushonaji lisilodai karo.

Huruma, mtaa wenye wakazi wengi katika eneobunge la Turbo, una vyote viwili vinavyohitajika: wachuuzi wa mitumba na mafundi wa cherehani. Chini ya meza ya fundi hubaki vipande visivyotosha hata mfuko wa shati. Kipande kama hicho chaweza kutoa gauni zima la mwanasesere.

Hesabu yake ni rahisi. Barbie, mwanasesere aliyeigwa sana tangu kampuni ya Mattel ilipomzindua jijini New York mwaka 1959, ana urefu wa takribani sentimita 29. Huchukuliwa kuwa sehemu moja ya sita ya mtu mzima. Kwa kuwa urefu na upana wote hupungua mara sita, kitambaa cha gauni moja la mama chaweza kuwavika wanasesere 36. Mwanafunzi anayeharibu mkato mmoja hajapoteza pesa ya mtu.

Wazo hili si geni. Mwaka 1945, vita vikiwa vimeiacha Ufaransa bila vitambaa vya kutosha, washonaji mashuhuri wa Paris waliwavika mavazi kamili wanasesere wa nyaya wenye urefu wa sentimita 70 hivi, wakawaonyesha katika jumba la Louvre. Uhaba wa kitambaa haukuua ufundi. Uliubana tu ukaingia katika umbo dogo. Hapa nyumbani, wasichana wa Turkana walikuwa na wanasesere wa kokwa za mkoma, waliovishwa ngozi na shanga, kabla ya plastiki kufika.

Hata hivyo, anayewasaka wanasesere wa zamani lazima afungue macho. Kwanza, asidanganywe na mwaka uliochapwa mwilini. Barbie wengi wenye alama ya 1966 walitengenezwa miaka mingi baadaye, kwa sababu mwaka huo unahusu haki ya umbo la mwili, wala si siku ya kutoka kiwandani. Muuzaji anayepandisha bei kwa kuonyesha tarakimu hizo huenda naye hajui.

Pili, achunguze masikio. Vipuli vya madini yenye shaba huacha doa la kijani kwenye plastiki, nalo ni gumu kuondoa. Nywele zilizokatwa ovyo hazirudi, ila zilizosokotana tu huweza kuokolewa kwa maji, sabuni na kitana chenye meno mapana, kuanzia ncha kuelekea kichwani.

Tatu, na hili ni zito zaidi, amguse. Plastiki laini ya zamani ikianza kunata, maana yake ni kwamba kemikali zilizotiwa kuilainisha zinatoka. Jumuiya ya Ulaya ilianza kuzuia baadhi ya kemikali hizo katika vichezeo mwaka 1999, na mwaka 2005 ikaweka marufuku ya kudumu. Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walipopima vichezeo kuukuu 200 vya plastiki mwaka 2018, waligundua madini hatari yakiwemo risasi na kadimia, hasa katika plastiki za manjano, nyekundu na nyeusi. Kwa hivyo mwanasesere mkongwe ni wa mshonaji, si wa mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani.

Baada ya kumwosha na kumkausha, kazi huanza. Kosa la kawaida ni kuchagua kitambaa chenye maua makubwa. Ua la kitenge linalompendeza mama humfunika mwanasesere mwili mzima. Shati la mitumba lenye miraba midogo, leso ya mkononi au khanga nyepesi hufaa zaidi. Kitambaa chekundu au cheusi kifuliwe kwanza, la sivyo rangi itahamia kwenye plastiki na kubaki humo.

Mshono uachiwe milimita tano hivi ukingoni, na hatua za sindano ziwe fupi. Mikono ya blauzi ishonwe kitambaa kikiwa bado kimetandazwa, kisha ubavu ufungwe mwishoni, kwa maana tundu la mkono halitapita chini ya mguu wa cherehani. Uwazi uwekwe mgongoni. Vidole vya mwanasesere vikikwama, kiganja kifungwe kwa kipande cha karatasi ya nailoni ndipo kipitishwe.

Leso ya kujifunga ndiyo mtihani mzuri. Ile ya kawaida ina upana wa kama sentimita 150 kwa 110. Ya mwanasesere itakuwa 25 kwa 18. Lakini ukiikata tu kutoka katika leso kubwa, hutapata pindo na mji kwa pamoja. Lazima pindo litengenezwe upya kwa utepe mwembamba. Hapo ndipo mwanafunzi anapotambua kuwa vazi ni mpangilio, si kipande cha nguo tu.

Lipo pia suala la sura. Wengi wa wanasesere wa marobota ni weupe. Mattel yenyewe ilingoja hadi 1980 kumtoa Barbie mweusi mwenye jina hilo. Mzazi asiyeridhika anaweza kukata umbo katika kitambaa cha kahawia, akalijaza mabaki ya nguo na kutia nywele za uzi wa kufumia. Huyo hanati, hana risasi, na amezaliwa Huruma.

Eldoret ni mji wa nguo. Kiwanda cha Rivatex kilijengwa hapa miaka ya 1970, kikafungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Viwanda hufungwa na kufunguliwa kwa maamuzi ya wakubwa. Ufundi ulio mikononi mwa kijana hauhitaji kuzinduliwa na mtu.

Anayetaka kuanza, aanze na sketi: kipande kimoja, mshono mmoja, lastiki kiunoni. Blauzi itafuata.