RANGI INAYOVIMBA NDANI YA MOTO

Hapa Goma tunajua ndege inayoungua. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa kiwanja, ikaingia katika nyumba za Birere na kuwaka. Ile ilikuwa ya alumini, nayo alumini inayeyuka karibu na digri 660. Ndege nyingi kubwa za sasa ni za namna ingine: nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa na gundi ya polima, iitwayo epoksi.

Nyuzi zenyewe haziungui upesi. Shida iko katika gundi. Ikipita digri 300 hivi inavunjika, inatoa moshi wa sumu na gesi yenye kuwaka. Hata mbele ya pale imekwisha kulegea, nyuzi zinabaki kama kamba tupu. Tarehe 12 Julai 2013 Boeing 787 ya Ethiopian Airlines ilikuwa imesimama London bila abiria. Betri ndogo ya lithiamu, nyuma karibu na dari, ikashika moto. Wachunguzi walikuta kwamba betri ilipokwisha nguvu, moto uliendelea kula ile gundi pole pole.

Basi wakemia wanajaribu kupaka rangi ya kinga. Ndani yake mna vitu vitatu: amoniumu polifosfati, inayotoa asidi, pentaeritritoli, yenye kaboni, na melamini, inayotoa gesi. Joto likifika, asidi inanyang'anya pentaeritritoli maji yake, panabaki makala. Gesi inayavimbisha kama mandazi katika mafuta. Kumbe rangi ya milimita moja inageuka povu nene lenye hewa ndani, na hewa hiyo haipitishi joto mbio. Gogo nene linajikinga vilevile: nje makala, ndani mti mzima. (Mbao za nyumba zetu ni nyembamba mno, hazipati nafasi hiyo.)

Lakini tusidanganyane, rangi hii haizimi moto. Inauchelewesha tu. Tena inaongeza uzito, na unyevu unaiharibu.

Juu ya nini basi watu wanahangaika kwa dakika chache? Tarehe 2 Januari 2024, Airbus A350 iligonga ndege ingine ikitua Tokyo. Watu wote 379 waliokuwamo walitoka hai, wa mwisho karibu dakika 18 baada ya kutua. Kisha mwili wa ndege ukaungua kwa saa nyingi.