Kombe la Davis na Kanda ya Afrika

Kombe la Davis, lililoanza mwaka 1900 kwa Marekani kupambana na Uingereza, ni mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanaume. Nchi ambazo hazijafikia ngazi ya dunia hushindana katika kanda zao. Katika Kanda ya Afrika, timu hukusanyika mji mmoja kwa siku chache, kama ilivyokuwa Nairobi mwezi Juni 2018. Kila pambano lina michezo mitatu: miwili ya mchezaji mmoja mmoja na mmoja wa wawili wawili. Hivyo nchi yenye vijana wawili tu walio mahiri yaweza kupanda daraja.

Umri wa chini wa mchezaji ni miaka 14, yaani mwanafunzi wa sekondari. Hapo ndipo Ifakara inapohusika. Kandanda huchezwa hata penye nyasi; tenisi huhitaji sakafu isiyotuamisha maji, jambo lisilo jepesi bondeni Kilombero wakati wa masika. Uwanja mmoja, pamoja na nafasi ya pembeni, huchukua takribani mita 37 kwa 18. Kamati za shule na kata zinaombwa kuzingatia kipimo hicho kabla maeneo ya wazi hayajakatwa viwanja vya makazi.