Mzee Anayesahau Naye Huhuzunika



Mwezi uliopita niliitwa katika nyumba moja hapa kijijini. Mzee wa nyumba ile amekuwa akisahau kwa miaka mitatu. Sasa alikuwa hali, halali, na kutwa nzima ameukabili ukuta. Wanawe wakaniambia, "Ni uzee tu, Bwana Mganga."

Si uzee. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huharibu ubongo kidogo kidogo, lakini haumwondolei mtu haya wala uchungu. Anaweza kusahau jina lako, na bado akajua kwamba ameaibika. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe: nilimuuliza mbele ya wajukuu leo ni siku gani, na huyu ni nani. Mzee akajifunika shuka usoni, akalia. Kumbe kila mgeni alikuwa akimfanyia hivyo hivyo: "Babu, unanikumbuka?" Usimtahini mgonjwa. Jitaje: "Shikamoo babu, mimi mjukuu wako, mtoto wa binti yako mkubwa."

Mleteni kwanza zahanati. Mgonjwa huyu hawezi kueleza maumivu; pengine ana malaria, choo kigumu, au mkojo unamchoma. Mzee wetu masikio yalikuwa yamezibwa na nta. Yaliposafishwa akaanza kuitikia salamu. Vidonge vya usingizi msijinunulie dukani. Mzee huamka usiku akipepesuka, akaanguka, akavunjika nyonga.

Kisha mpeni kazi aliyoizoea. Akichambua maharage akachanganya mabaya na mazuri, mshukuruni; mtayarudia akishalala. Mtoeni nje asubuhi, wazee wenzake waje waimbe nyimbo za ujana wao, maana nyimbo hukaa akilini hata majina yakishapotea. Akimwita mkewe aliyefariki, msimkumbushe kila mara kwamba amekufa. Kwake huo ni msiba mpya kila siku. Mwulizeni habari za huyo mama, mumsikilize. Wala msiseme amerogwa, mkamfungia ndani.

Akisema amechoka kuishi, si mzaha. Ondoeni kamba na dawa ya pamba, asiachwe peke yake, mleteni siku hiyo hiyo.

Anayemwogesha na kumlisha mzee huyu ni mkamwana wake, naye alikuwa amekonda kwa kukesha. Sasa wifi zake humpokea siku mbili kwa juma.

Juzi nilipita pale nikamkuta mzee chini ya mwembe, anapukuchua mahindi. Jina langu hakulijua, ila alinisogezea kigoda.