Fimbo ya Kuvulia Iliyonasa Haitaki Mafuta

Masika yakiondoka Rungwe na mito ikapungua ukali wake, huanza kunijia hapa Igogwe watu wenye fimbo za kuvulia zilizokataa kufungika, wengine wametoka kwenye mabwawa ya perege ya jirani, wengine wameshuka kutoka Kiwira ya juu walikokwenda kuwatafuta trauti waliopandikizwa zama za ukoloni, na wengine wamerejea kutoka ufuko wa Matema, mchanga wa Ziwa Nyasa ungali umewaganda viganjani. Na wote, kabla hawajanieleza fimbo imenasa wapi wala imenasaje, huniuliza swali moja lile lile: fundi, niipake mafuta gani? Huyu hutaja mafuta ya kupikia, yule mafuta ya taa, wa tatu mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, wa nne oili chafu aliyoiomba kwa fundi wa pikipiki. Juu ya dawa yenyewe wamekwisha kuafikiana; lililobaki kwao ni jina lake tu. Jawabu langu ni kwamba hapana mafuta ya kazi hiyo, si haya wala yale, na kwa kuwa kulitoa kwa mdomo hakujafaa kitu, leo naliandika.

Nazungumzia fimbo ya vipande vinavyoingiana, ambayo mwenye nayo huichomoa ikawa ndefu na kuisukuma ikawa fupi. Kinachovishika vipande vile visirudi ndani wakati wa kuvua si parafujo wala gundi, bali ni umbo: kila kipande kimechongoka kidogo, kitako chake ni kinene kuliko mdomo wa kipande kinachokipakata, na kitako hicho kinapovutwa mbele hufika mahali kikakazana na mdomo ule pande zote. Mchongoko wenyewe ni haba mno. Fimbo ya mita 4, yenye shina la milimita 22 na ncha ya milimita 1, hupungua unene kwa nusu milimita tu katika kila sentimita 10, nayo ni pembe isiyokaribia hata digrii moja. Sasa, kabari yoyote hujishika yenyewe maadamu mchongoko wake ni mdogo kuliko uwezo wa msuguano, na hata vitu viwili vilivyolowa mafuta huweza kushikana hivyo mpaka mchongoko ufike digrii tano au zaidi. Anayetumaini kwamba utelezi wa mafuta utaifanya fimbo ijiachie yenyewe anataka jambo ambalo hesabu ya umbo lake imekwisha kulikataa.

Mkulima wa Rungwe hana haja ya hesabu hiyo, kwani shoka lake la kienyeji limemfundisha. Mkia wa chuma hupenya kichwa cha mpini, na kila pigo juu ya gogo huuzamisha mkia ule zaidi, mpaka shoka na mpini vikawa kitu kimoja. Je, yuko mtu mwenye akili timamu ambaye, akitaka kuling'oa shoka lililozama hivyo, huumiminia mpini mafuta akakaa kungoja? Aslan. Huligonga kwa upande wa pili, akalirudisha kwa njia ile ile lililoingilia. Basi ajabu yangu ni kumwona mtu huyo huyo, aliyelijua shoka tangu utoto wake, akishika fimbo ya kuvulia na kuisahau elimu yake yote.

Tazama mafuta yanavyotenda kazi. Pale vipande vilipokazana hapana nafasi ya kupita kitu, ndiyo maana vimenasa. Kwa hiyo mafuta hubaki nje, kwenye ukingo wa mdomo, yakametameta na kumpa mwenye fimbo faraja isiyo na msingi. Balaa huja baadaye. Fimbo ikiisha kufunguka kwa njia nyingine yoyote, mafuta yaliyokuwa yakingoja ukingoni huingia ndani na kuenea juu ya kitako, na siku ya pili mvuvi akiichomoa kwa nguvu zile zile alizozizoea, kitako hakisimami pale kilipokuwa kikisimama, bali huteleza na kuzama mbele zaidi, kwa sababu nguvu ile ile, msuguano ukipungua, huisukuma kabari mbali zaidi. Kwa hiyo fimbo iliyopakwa mafuta hunasa tena, na mara hii hunasa vibaya kuliko kwanza.

Na mwenye kuumia ni mdomo wa kipande cha nje. Nyuzi za kioo au za kaboni zilizomo katika fimbo aghalabu zimelazwa kwa urefu wake, ili zihimili kupinda samaki anapovuta. Zilizozungushwa kuukaza mdomo usipanuke ni chache. Kitako kikizama kupita kiasi, mdomo hutanuka, na rangi hupasuka kwa urefu katika ufa ambao jicho halioni, lakini pitisha ukucha kuuzunguka ukingo, nawe utausikia ukikwama mahali pamoja. Ufa huo ndio mwisho wa kipande. Fauka ya hayo, mafuta hushika vumbi, na vumbi letu sisi tuishio chini ya Rungwe na Ngosi ni majivu ya volkano, ambayo punje zake ni ngumu na zina makali. Ukiyachanganya na mafuta umetengeneza tope la kusagia, na kila uchomoapo fimbo yako unaisaga kwa mkono wako mwenyewe.

Hapo huambiwa: lakini fulani alipaka mafuta, na fimbo yake ikafunguka. Sikatai kwamba ilifunguka. Nauliza alifanya nini baada ya kupaka. Kila ninapouliza hivyo nasikia habari moja: aliifuta, akaiacha kitambo, kisha akaishika kwa mikono miwili akaizungusha na kuisukuma. Basi iliyofanya kazi ni mikono, na sifa zimepewa chupa. Mtu huyo angeacha mafuta jikoni, akafanya yale mengine yote, fimbo ingalifunguka, na angalisalimika na kurudi kwangu mwezi wa pili akilalamika kwamba fimbo za siku hizi ni hafifu.

Wako pia wanaochemsha maji. Katika miinuko yetu maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, nao hudhani kwamba upungufu huo ni salama. Walakini resini ya fimbo nyingi za bei nafuu huweza kulegea kabla ya kufika hapo, na fimbo iliyolegea ikisukumwa hupinda, ikapoa na kilema chake. Zaidi ya hayo, vipande vyote viwili ni vya maada moja. Vikipata joto sawa hutanuka sawa, na mkazo hubaki ulivyokuwa. Moto wa kuni nisiuseme.

Sababu za kunasa ni chache, na zote zaweza kuepukwa. Ya kwanza ni kuichomoa fimbo kwa kishindo. Ya pili ni mchanga kiungoni. Ya tatu, ambayo huku kwetu ndiyo kubwa, ni ndoana kunasa kwenye jiwe la mtoni, mvuvi akaielekeza fimbo moja kwa moja kwenye jiwe na kuvuta kwa uzito wa mwili wake wote: katika fimbo isiyo na kigurudumu, ambayo mshipi wake umefungwa kwenye ncha, nguvu yote ile hupita viungoni na kuvikaza. Ndoana ikinasa, weka fimbo chini, shika mshipi kwa mkono uliozungushiwa kitambaa, uvute.

Ikiwa imekwisha kunasa, fanya hivi. Ioshe kwa maji baridi matupu, ikaushe kabisa. Funga vipande viwili kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kimoja huku na kimoja huku, karibu na kiungo. Shika hapo, zungusha polepole huku ukisukuma kwa mstari ulionyooka, bila kupinda, wala usishike pete za mshipi kuwa mpini, kwani zitang'oka. Isipokubali, mwite mwenzio, mmoja ashike upande huu, mwingine upande ule. Isipokubali tena, simamisha fimbo wima, shina chini, uligongegonge juu ya ubao uliotandikwa gunia. Njia hii hufaa zaidi kwa viungo vya chini, ambavyo vipande vyake ni vizito. Ikikataa bado, zungushia kipande cha nje peke yake kitambaa cha maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, kwa muda mfupi tu, ili kitanuke kabla joto halijafika ndani, kisha zungusha papo hapo. Ikiwa kifuniko cha shina hufunguka, kifungue, rudisha vipande vilivyo huru, toa kwa nyuma vile viwili vilivyonasa, uvishughulikie peke yao. Koleo usiiguse: hubonyeza na kuvunja. Ukisikia mlio wa kupasuka, simama.

Na ikiwa yote haya hayakufaa, iache fimbo wazi, uilete kwa fundi ikiwa ndefu hivyo hivyo, imelala mkononi, wala usiipitishe imesimama chini ya nyaya za umeme au wakati wa radi, kwani kaboni hupitisha umeme. Siku nyingine ichomoe kwa kuanzia ncha, kipande kwa kipande, kwa nguvu ya vidole na si ya mabega; ifunge kwa kuanzia shina; ifute kila kipande kwa kitambaa kikavu kabla hakijaingia ndani. Mwenye kuyashika haya hatakuwa na haja ya kuniuliza habari ya mafuta, na pesa ya chupa ile atainunulia ndoana.