Alfajiri ya Dhahabu: Chama kilichojengwa juu ya chuki

Ijumaa hii tunaitazama Ugiriki, ambako chama cha kizalendo cha siasa kali, Chrysi Avgi, yaani Alfajiri ya Dhahabu, kilipanda kwa kasi na kuanguka kwa aibu. Kisa hiki kinawagusa Waislamu, kwani miongoni mwa walioumizwa na wafuasi wake walikuwamo wahamiaji kutoka Pakistan na Misri.

Kwa miaka mingi chama hicho, chini ya Nikolaos Michaloliakos, hakikuwa na uzito. Mwaka 2009 kilipata chini ya asilimia moja ya kura. Kisha uchumi wa Ugiriki ukaporomoka, mishahara na pensheni vikakatwa, na ajira zikatoweka. Wananchi walipotafuta wa kumlaumu, chama kikawaonyesha mgeni. Kiligawa chakula kwa Wagiriki peke yao, huku vijana wake waliovalia fulana nyeusi wakiwapiga wahamiaji mitaani. Mei 2012 kikatwaa viti 21 katika Bunge la viti 300.

Januari 2013, kibarua kijana wa Kipakistani aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli kabla ya mapambazuko alichomwa kisu jijini Athens, akafariki. Wauaji wawili walikamatwa, lakini viongozi wa chama wakaendelea kuketi bungeni. Septemba mwaka huo mfuasi wa chama akamuua Pavlos Fyssas, mwanamuziki Mgiriki aliyepinga ufashisti. Hapo ndipo dola ilipozinduka na kuwatia viongozi hao mbaroni. Ni jambo la kusikitisha kwamba damu ya mgeni haikutosha.

Kesi ilianza Aprili 2015 ikachukua zaidi ya miaka mitano. Mwaka 2019 wapiga kura wakakinyima chama viti vyote, na tarehe 7 Oktoba 2020 mahakama ikatamka kuwa kilikuwa genge la uhalifu. Mwezi uliofuata Athens ikafungua msikiti wake rasmi wa kwanza tangu enzi ya dola ya Uthmaniya.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba chuki nayo ilifungwa. Mwaka 2023 chama kingine kiliingia bungeni kikiungwa mkono na Ilias Kasidiaris, mbunge wa zamani wa Alfajiri ya Dhahabu, naye akiwa gerezani.

Nasi wazazi tujihoji. Tunapomlaumu jirani wa kabila jingine kwa ugumu wa maisha, watoto wetu wanasikia. Mtume (S.A.W.) alituonya juu ya asabia, onyo hilo lianzie sebuleni mwetu.