Mkono Unaovimba Baada ya Tiba ya Saratani ya Titi

Wakazi wa bonde la chini la mto Rufiji hawahitaji kufundishwa maana ya matende. Katika delta, pale mto unapogawanyika na kupita katikati ya mikoko kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, maradhi hayo yanajulikana tangu zama za mababu, pamoja na ndugu yake, busha. Lakini upo uvimbe mwingine unaofanana na matende kwa sura, ambao hauletwi na mbu wala mnyoo. Huwapata baadhi ya wanawake waliotibiwa saratani ya titi, nao hushika mkono wa upande uliotibiwa. Mwanamke akirudi Kibiti au Nyamisati kutoka hospitalini, kisha mkono wake ukaanza kujaa, ni rahisi kwa jirani kudhani kwamba ameshikwa na matende. Dhana hiyo yaweza kumpeleka kwenye dawa isiyomfaa, au kwenye wembe wa kuchanja chale, ambao ni hatari zaidi.

Mifereji ya mwili

Moyo unaposukuma damu, sehemu ya maji yake hupenya kuta za mishipa midogo na kulowesha nyama za mwili. Maji yanayobaki humo hukusanywa na mishipa ya limfu, ambayo huyapitisha katika tezi za kwapani, shingoni na kinenani, zile ambazo zikivimba watu huziita mitoki. Hapo vijidudu huchujwa, kisha maji hurudishwa katika damu karibu na shingo. Limfu haina moyo wake yenyewe. Husogezwa na mikazo ya mishipa yake na mwendo wa misuli.

Mkulima wa mpunga wa Rufiji ataelewa jambo hili upesi: mkondo ukizibwa, maji hayakomi kuja, bali hutafuta mahali pa kutuama. Maji ya limfu yakituama muda mrefu, ngozi hunenepa na kuwa ngumu, na vijidudu hupata mahali pa kustawi.

Sababu mbili, mafuriko ya namna moja

Katika matende ya kwetu, mharibifu ni mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti, ambaye huishi miaka mingi ndani ya mishipa ya limfu. Mwaka 1877, daktari Patrick Manson, akifanya kazi nchini China, aligundua kwamba vijana wa mnyoo huyo hukua ndani ya mbu.

Katika saratani ya titi, njia hukatwa na tiba yenyewe. Saratani hiyo hupenda kusambaa kwanza katika tezi za kwapani. Kwa hiyo mpasuaji huziondoa, na mionzi yaweza kuacha makovu katika mishipa iliyobaki. Daktari William Halsted wa Marekani, aliyeeneza upasuaji mkubwa wa titi, aliandika mwaka 1921 juu ya uvimbe huu na kuupa jina lenye maana ya matende ya upasuaji.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watano walioondolewa tezi nyingi za kwapani hupata uvimbe huo. Kwa wale waliopimwa tezi chache za mwanzo tu, ni kama mmoja kati ya 18. Aghalabu hutokea katika miaka miwili ya kwanza, lakini waweza kuchelewa sana.

Dawa na mipaka yake

Tanzania ilianza kampeni ya kutokomeza matende mwaka 2000, kwa kuanzia Mafia. Rufiji nayo, ambayo baadaye ilimegwa ikapatikana Wilaya ya Kibiti, ilipata duru nyingi za ugawaji wa dawa za ivermectin na albendazole. Dawa hizo huua vijana wa mnyoo walio katika damu na kukata maambukizo. Haziwezi kurudisha tezi iliyoondolewa. Vile vile vidonge vya kukojoza maji havitibu uvimbe huu.

Hata hivyo, liko jambo la matende linalomfaa mgonjwa wa titi. Katika miaka ya 1990, Daktari Gerusa Dreyer na wenzake mjini Recife, Brazil, walionyesha kwamba mashambulio ya mara kwa mara ya bakteria yanayoingia katika vidonda vidogo ndiyo yanayozidisha matende, na kwamba sabuni na maji huyapunguza sana. Kanuni hiyo haibagui mguu na mkono.

Utunzaji wa kila siku

Mkono uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe taratibu hasa katikati ya vidole, kisha upakwe mafuta ngozi isipasuke. Anayevuna mpunga, kuparua samaki au kukata kuni avae glavu. Jeraha lolote, hata la mwiba, lioshwe mara moja. Chale zisichanjwe kamwe katika mkono huo.

Mkono usifungwe kazi. Utafiti wa wanawake 141 uliotangazwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuinua vitu vizito kwa utaratibu, kwa kuanza na uzito mdogo na kuongeza polepole, hakukuzidisha uvimbe. Bandeji maalumu au soksi ya mkono husaidia sana, lakini kwanza mtaalamu aonyeshe namna ya kuifunga. Ikibana vibaya hudhuru. Kupunguza unene wa mwili nako husaidia. Kwa futi ya fundi cherehani, mgonjwa aweza kupima mikono yote miwili mahali pale pale kila mwezi. Tofauti mpya ya sentimita 2 yatosha kumpeleka kwa mganga.

Maumivu yasipuuzwe

Uzito na kubanwa ni dalili za kawaida za uvimbe. Mwasho kama wa moto kwapani waweza kutokana na neva iliyoguswa na kisu, nao una dawa zake. Lakini mkono ukiwa mwekundu na wa moto, pamoja na homa, hiyo ni dalili ya maambukizo yanayotaka antibiotiki siku ile ile. Uvimbe wa ghafula nao huenda ukawa damu iliyoganda, au saratani iliyorudi. Mgonjwa achunguzwe bila kukawia.

Kwa anayeishi visiwani mwa delta, safari ya mashua hadi Nyamisati na ya gari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, si jambo dogo. Ndiyo sababu yafaa mgonjwa aulize habari za mkono wake kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, na mganga wa zahanati ajue kutofautisha uvimbe huu na matende. Uvimbe huu haupatikani kwa kuambukizwa, wala si aibu. Ukianza kutunzwa ungali mlaini, mkono hubaki mkono wa kazi.