Tangazo la Kazi: Kutoka Ubao wa Ofisi Hadi Kiganjani

Hutufikia watu wenye simu mkononi na swali moja: je, tangazo hili la kazi ni la kweli? Aghalabu swali huja likiwa limechelewa, fedha zikiwa zimekwisha kutumwa. Katika makala hii tunaeleza jinsi njia za kutafuta wafanyakazi zilivyobadilika nchini Tanzania, kwa kuwa ni vigumu kuutambua ulaghai wa leo bila kujua ni kinga zipi zilizotoweka pamoja na njia za zamani.

Wakati wa ukoloni, mwajiri ndiye aliyemfuata mfanyakazi. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Mawakala walikwenda bara, sehemu kama Kigoma, wakawaandikisha watu na kuwasafirisha. Kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba, ndipo lilipozaliwa jina la manamba. Habari zote za kazi, tangu ujira hadi muda wa mkataba, zilitoka kinywani mwa wakala, na mtu aliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo pengine hakuweza kuisoma.

Baada ya uhuru, karatasi ilitawala. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi au kuchapwa gazetini, na gazeti moja lilipita mikono mingi mtaani kabla ya kufungiwa maandazi. Mwombaji aliandika barua kwa mkono, akaambatisha nakala za vyeti zilizogongwa muhuri na picha mbili ndogo, akatia vyote katika bahasha ya kaki na kupeleka posta. Kisha alisubiri. Wengi hawakujibiwa kamwe. Hatuisifu enzi hiyo kupita kiasi: barua zilipotea, na nafasi nyingine zilikuwa na wenyewe kabla hata wino wa tangazo haujakauka.

Hata hivyo, ugumu ule ulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeipanga. Aliyetaka kuwalaghai watafuta kazi alipaswa kulipia nafasi gazetini, kuwa na sanduku la posta na kungoja wiki kadhaa barua zifike. Kupokea fedha kulimlazimu aonane na mtu uso kwa uso, au ajitambulishe kwenye dirisha la posta au benki. Ulaghai uliwezekana, lakini ulikuwa na gharama na uliacha nyayo.

Kuja kwa intaneti kulipunguza gharama hizo, kwanza kwa barua pepe zilizoandikwa katika vibanda vya intaneti vya mijini, kisha kwa tovuti za ajira. Kwa upande wa serikali, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia mfumo wake wa kielektroniki, Ajira Portal. Kijana aliyeko Mpanda hana haja tena ya kupanda basi ili kuwahi tarehe ya mwisho. Hayo ni manufaa makubwa, na hatutaki mtu ayakimbie kwa woga.

Lakini mfumo hauna huruma ya karani aliyeweza kukuita urekebishe kosa. Waombaji wengi hukwama kwa mambo madogo: jina la kwenye cheti halilingani na la kitambulisho cha taifa, barua ya maombi haikutiwa saini kabla ya kupakiwa, au hati ya matokeo ya kidato cha nne imewekwa mahali pa cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi huhitaji kwanza uthibitisho wa mamlaka husika kuhusu vyeti vyake. Mambo haya yashughulikiwe mapema, kabla tangazo halijatoka. Kwa kuwa watu huyagundua usiku wa siku ya mwisho, ndipo anapojitokeza mtu mtandaoni anayedai kuwa na mwenzake ndani ya ofisi atakayerekebisha yote kwa fedha kidogo.

Huyo ni tapeli, na ana ndugu wengi. Mmoja hutengeneza tangazo lenye nembo ya taifa na kulisambaza katika makundi ya WhatsApp, akidai ada ya fomu. Mwingine humpongeza mwombaji kwa kuchaguliwa bila usaili, kisha huomba fedha za vipimo vya afya, sare au mafunzo. Wapo wanaomlipa mtu kiasi kidogo kwa kutazama video, na akishaamini humtaka aweke amana ili apande daraja. Wengine huahidi kazi za ndani katika nchi za Ghuba, na humtaka msafiri aondoke kwa viza ya matembezi bila mkataba wa maandishi. Wote hutegemea jambo moja: fedha zitumwe kwa simu, leo, kwa namba ya mtu binafsi.

Kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal hakuna malipo. Anwani za tovuti za serikali huishia na .go.tz, anwani yenye neno ajira lakini yenye mwisho mwingine haithibitishi lolote. Tangazo lililopokelewa kwa ujumbe litafutwe katika tovuti ya taasisi yenyewe kwa kuandika anwani upya, si kwa kubonyeza kiungo kilichotumwa. Wakala binafsi wa ajira anapaswa kuwa na kibali cha mamlaka ya kazi. Mwombaji ana haki ya kuomba kukiona, na ofisi ya kazi inaweza kuulizwa kama kibali hicho ni halali.

Fedha si hasara pekee. Anayejaza fomu ya uongo huacha namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nakala za vyeti mikononi mwa asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa madhumuni gani. Asiyeweza kueleza asipewe. Ikiwa katika hayo yote uliombwa pia kuweka alama ya kidole kwenye kifaa cha usajili, piga *106# uone ni laini zipi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako.

Aliyekwisha kutuma fedha apige simu mara moja katika kituo cha huduma kwa wateja cha mtandao wake, kwani muamala unaweza kuzuiwa iwapo fedha hazijatolewa. Asifute mazungumzo, hata kama yanamwaibisha, bali ayahifadhi pamoja na namba ya muamala na kuyapeleka kituo cha polisi ili apewe namba ya RB. Ujumbe wenyewe ausambaze kwenda 15040, kisha afuate maelekezo atakayopokea.